Kula Samaki Kwenye Mgahawa wa Zamani wa Pwani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Mnada wa Alfajiri hadi Mwiba wa Mwisho

Ujumbe ninaoupokea kuliko mwingine wowote unafanana. Mtu ametoka Dodoma, Mwanza au Iringa, kashuka Dar es Salaam au kavuka hadi Unguja, kapelekwa kwenye mgahawa wa samaki uliokuwepo mtaani tangu wazazi wa wenye mtaa wakiwa watoto. Amesifiwa mahali pale mpaka basi. Katoka na bili iliyomshtua, samaki mkavu kama kuni, na njaa yake bado anayo. Ananiuliza: mgahawa umeharibika?

Mara nyingi haujaharibika. Tatizo ni kwamba ameagiza pale kama anavyoagiza chipsi kuku.

Migahawa hii ya jiko la mkaa uani na meza za mbao ina utaratibu wake, na hakuna anayekufundisha kwa sababu wenyeji wamezaliwa nao. Unaanza na samaki, unamaliza habari ya mizani na bei, ndipo unasema apikwe vipi. Wali na vya kando vinakuja mwisho kabisa. Ukipindua mpangilio huo, kila kitu kinaharibika. Tufuate hatua moja moja.

## Vya kuandaa kabla hujatoka nyumbani

- Saa mbili za nafasi. Ukiwa na dakika arobaini tu, kale kwingine siku hiyo.
- Wenzako wawili au watatu. Samaki mmoja mkubwa wa kugawana huwa mtamu na mwenye majimaji kuliko wadogo wanne, maana moto haumkaushi haraka.
- Pesa taslimu, na noti ndogo ziwepo. M-Pesa na wenzake wanapokelewa sehemu nyingi, lakini mtandao ukikata wakati wa bili utakaa hapo ukitoa jasho.
- Simu yenye chaji, kwa ajili ya kikokotoo. Utaona kwa nini kwenye hatua ya nne.
- Nguo isiyoogopa mchuzi. Unguja na Pemba funika mabega na magoti, hata kama umetoka ufukweni. Na usiende ukitarajia bia, maana nyingi ya sehemu hizi haziuzi kilevi.
- Habari za mzio wa kila mtu mezani. Kamba, kaa, pweza na ngisi huwasumbua watu ambao samaki wa kawaida hawawadhuru, na pale uani wavu wa kuchomea ni ule ule kwa wote.
- Chombo chenye mfuniko, kwa kitakachobaki.

## Hatua ya 1: Soma bahari kabla ya kusoma menyu

Menyu ya ukutani imeandikwa miaka iliyopita. Chakula cha leo kimeandikwa na upepo, na hapa ndipo wageni wengi hukosea kabla hata hawajapanda daladala.

Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka na mitumbwi, ngalawa na mashua ndogo hushindwa kutoka siku kadhaa mfululizo. Samaki huadimika, bei hupanda, na kinachopikwa kinaweza kuwa kimelala kwenye barafu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, hali huwa nafuu kwa wavuvi wadogo. Sisemi usiende wakati wa kusi. Nenda, ila uliza zaidi na uwe tayari kula kilichopo.

Kisha kuna mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvu hutokea: maji hujaa sana na kukupwa mbali, mwamba ukabaki wazi. Siku hizo kina mama hutembea mwambani na vijiti vyao kutafuta pweza kwenye mashimo. Ukimtaka pweza wa leo, lenga siku za bamvu. Siku za maji mafu, pweza unayeletewa huenda ametoka kwenye friza, na hilo lisikuudhi: kugandishwa humlainisha. Vibua na dagaa wana kalenda yao. Huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, kwa hiyo huadimika.

Halafu saa. Boti za usiku hurudi alfajiri, na pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, mnada hufanyika asubuhi. Mgahawa wa kweli hununua saa hizo. Kwa hiyo mlo bora ni wa mchana: fika kati ya saa tano na nusu na saa sita, kabla ya msongamano. Ijumaa, baada ya swala, hupati pa kukaa. Mwezi wa Ramadhani nyingi hufunga mchana na kufungua jioni kwa futari.

Onyo: kwenda saa mbili usiku na kutaka changu mzima wa kuchoma ni kujitakia unyonge. Waliobaki saa hiyo ni wale waliokataliwa mchana.

## Hatua ya 2: Piga simu au pita asubuhi

Kwa samaki wa kawaida hatua hii unaweza kuiruka. Kwa kaa, kamba kochi (Mombasa watakwambia kamba mawe) na pweza wa nazi usiiruke kabisa. Kaa na kamba kochi hununuliwa kwa mteja anayejulikana kwa sababu ni ghali na hawasubiri. Pweza lazima achemshwe taratibu muda mrefu, na hakuna mpishi atakayemlainisha kwa nusu saa ukiwa umeshakaa mezani.

Sema idadi ya watu, saa ya kufika, na unachotaka. Wakikwambia, "Hatukuahidi, mpaka tuone boti," furahi. Umepata mahali pa kweli. Anayekuhakikishia kila kitu, siku yoyote, ana friza kubwa.

## Hatua ya 3: Omba kuwaona samaki

Hii ndiyo hatua inayoamua mlo wote, na ndiyo watu wanaionea aibu. Ukifika, usikae. Salimia kwanza, tena vizuri, kisha uliza.

"Shikamoo, mama. Leo kuna samaki gani?"

"Marahaba, mwanangu. Kuna changu, kuna tasi, nguru wamebaki vipande."

"Naomba niwaone, tafadhali."

Hakuna mwenye mgahawa wa zamani anayeudhika na ombi hilo. Wengi wataita kijana alete beseni, na uso wa mama utabadilika: amejua anaongea na mlaji. Mahali pakikataa kabisa kukuonyesha, kunywa soda yako, lipa, uondoke kwa amani.

Samaki mbichi mkague hivi:

Macho. Yawe yamejaa, meusi katikati, yanang'aa. Yaliyodidimia na kuwa na ukungu ni ya jana au juzi.

Mashavu. Funua kifuniko cha shavu utazame matamvua ndani. Mekundu mabichi ni sawa. Yakiwa ya kahawia au kijivu, yenye utelezi mzito, mwache.

Nyama. Bonyeza kwa kidole mgongoni. Irudi yenyewe. Shimo likibaki, samaki amechoka.

Harufu. Anukie bahari. Harufu kali ya samaki, ile inayokufikia kabla hujainama, ni dalili ya kuchelewa.

Kuna jambo la tano ambalo wavuvi walinifundisha na wengi hawalijui: samaki wa baruti. Uvuvi wa milipuko umepigwa marufuku lakini umeitesa pwani ya Tanzania kwa miaka mingi, na unavunja matumbawe ambamo samaki huzaliana. Samaki aliyelipuliwa anaweza kuonekana mzima kwa nje. Mshike kichwa na mkia: hulegea mno, kwa kuwa uti wa mgongo umevunjika. Akipasuliwa, utakuta damu imevia kandokando ya mifupa. Mkatae na useme kwa nini. Wateja wakikataa, mnunuzi wa mgahawa hatamchukua tena mnadani.

Kaa awe hai, anarusha miguu, mzito ukilinganisha na ukubwa wake. Kaa mkubwa aliye mwepesi ametoka kubadilisha gamba na ndani ana maji. Kamba kochi mgeuze utazame chini ya mkia. Ukiona kishada cha mayai, usimchukue.

*Dalili ya kufaulu:* umeshika samaki wako kwa mkono, unajua jina lake, na mpishi amekuona ukimchagua. Yule samaki sasa ni wako, hawezi kubadilishwa jikoni.

## Hatua ya 4: Mizani, bei, kisha moto

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye mgahawa mmoja wa ufukweni, niliagiza kamba kochi kwa ajili ya wageni wangu bila kuuliza kitu. Menyu ilikuwa na bei, nikadhani ni ya sahani. Ilikuwa ya kilo. Nililipa nilichokuwa nacho, nikaazima kilichobaki kwa mgeni wangu mwenyewe, na aibu ile bado naikumbuka. Hakuna aliyenidanganya. Sikuuliza.

Uliza maswali haya manne kabla samaki hajaguswa na kisu:

1. Bei hii ni ya kilo au ya samaki mzima?
2. Anapimwa kabla ya kutolewa utumbo na magamba, au baada?
3. Bei ina wali au ugali na kachumbari ndani yake, au vinahesabiwa pembeni?
4. Jumla yake ni ngapi?

Swali la nne ndilo lenye uzito. Mfano tu wa hesabu: kilo moja ikiwa shilingi 40,000 na kamba kochi wako ana kilo 1.4, ni 56,000. Toa simu, piga hesabu mbele yao, itaje jumla kwa sauti: "Kwa hiyo ni elfu hamsini na sita, na wali ndani?" Wakikubali, imeisha. Angalia pia mizani inaanzia sifuri, na beseni halijapimwa pamoja na samaki.

Kumbuka unalipia uzito mzima lakini huli wote. Kwa kamba kochi, nyama ya mkia ni kama theluthi tu ya mwili. Wawili wenye njaa hawashibi kamba kochi wa nusu kilo. Kwa samaki mzima, kama changu au kolekole, mimi nahesabu nusu kilo hadi gramu 600 kwa kila mlaji, na hajawahi kulalamika mtu.

Kupunguziwa bei kupo, ila kuwe kwa adabu na kufanyike hapa, kabla ya kupika. Ukianza kubishana bei samaki akiwa ameshaiva, umemkosea mwenye mgahawa.

## Hatua ya 5: Mpe kila samaki mapishi yake

Makosa ya hapa ndiyo huzaa ile lawama ya "samaki alikuwa mkavu."

Changu ana nyama nyeupe iliyoshikana, anakubali kila kitu. Mzima, wa kuchoma, ndimu na chumvi. Ukiwa na wasiwasi, agiza changu.

Tasi (tafi, kwa watu wa Mombasa) ni mwembamba. Akaangwe mpaka mapezi yawe ya kuvunjika mdomoni. Akichomwa, huisha kabla hujaanza kula.

Nguru hana miiba midogo ya kukusumbua, kwa hiyo ni wa watoto na wageni. Hukauka upesi kwenye mkaa. Mtake kwenye mchuzi wa nazi.

Jodari vivyo hivyo: vipande vinene, vilivyolala kwenye viungo, au mchuzi. Jodari mwembamba wa kukaanga ni adhabu.

Chewa ana kichwa kikubwa na nyama nene. Kichwa kiende kwenye supu, mwili kwenye mchuzi. Watu huacha kichwa, nami nasikitika kila nikiona.

Kolekole ndiye ningemchagulia kupaka. Samaki hulowekwa kwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, akachomwa. Pembeni, tui zito la nazi hupikwa na bizari na ukwaju mpaka liwe zito, kisha hupakwa juu ya samaki akiwa bado motoni, tabaka juu ya tabaka. Migahawa ya zamani hushinda au hushindwa kwa pishi hili moja. Kama ni siku yako ya kwanza na unataka kujua mpishi ana mkono gani, agiza kupaka.

Vibua hudharauliwa kwa kuwa ni wa bei rahisi. Wana mafuta yao wenyewe, moto hauwakaushi, na wakichomwa saa chache baada ya kutoka baharini sioni samaki wa kuwazidi. Nikiwa peke yangu, nala vibua.

Ngisi apikwe dakika mbili tatu kwa moto mkali, au zaidi ya nusu saa kwa moto mdogo. Katikati ya hapo ni mpira. Mwulize mpishi atatumia ipi.

## Hatua ya 6: Vya kando

Wali wa nazi kwa mchuzi na kupaka, ugali kwa samaki wa kukaanga. Kachumbari, ndimu, pilipili, achari ya embe kama ipo. Juisi ya ukwaju au bungo, au dafu. Chipsi ziache. Zitakushibisha kabla samaki hajafika.

## Hatua ya 7: Ngoja

Samaki mzima kwenye mkaa huchukua dakika arobaini na tano hadi saa nzima, kwa sababu mkaa lazima kwanza utulie uwe makaa. Ukiwasukuma, watampeleka kwenye moto wenye ndimi: nje ataungua, kwenye uti wa mgongo atabaki mbichi. Omba supu ya samaki uendelee na maongezi. Ukitaka kuinuka, nenda ukasimame karibu na mchomaji, umsalimie, umwangalie. Nimejifunza mengi hapo kuliko popote.

*Ameiva akiwa hivi:* chomeka ncha ya uma karibu na uti wa mgongo. Nyama inaachia mfupa yenyewe, ni nyeupe mpaka ndani, na bado inatoa majimaji.

## Hatua ya 8: Kula kwa mkono, kwa mpangilio

Nawa, tumia mkono wa kulia. Kidole huhisi mwiba ambao uma hauuoni. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kula kwa mkono, na ni ya usalama.

Anzia mgongoni. Pitisha kidole gumba kwenye mstari ulio kati ya kichwa na mkia, uifunue nyama ya juu kuelekea tumboni. Ukimaliza upande huo, usimgeuze samaki. Shika uti wa mgongo kutoka mkiani, uunyanyue polepole hadi kichwani: utatoka na miiba yake mingi, na upande wa chini utabaki wazi mbele yako. Miiba midogo iliyobaki huwa eneo la tumbo, hapo nenda taratibu. Malizia mashavu, kipande laini kuliko vyote. Mkiwa na mgeni au mzee mezani, mwekeeni yeye.

Kaa: ng'oa gamba la juu, kisha ondoa vile vitu vya kijivu kama manyoya vilivyopangika pembeni. Hivyo ni matamvua yake, havilwi. Magando yavunje kwa mchi mdogo, gonga mara moja kwa nguvu, ukirudiarudia vipande vya gamba vitaingia kwenye nyama.

Mwiba ukikwama kooni: usimeze tonge kubwa la ugali wala ndizi kuusukuma, hata kama bibi alisema hivyo. Tonge linaweza kuuzamisha zaidi. Kohoa, kunywa maji kidogo. Usipotoka, nenda hospitali wautoe.

Ulimi ukiwasha kama umelamba pilipili, na chakula hakina pilipili, acha kula hapo hapo. Jodari, nguru na vibua waliokaa juani bila barafu hutengeneza sumu isiyoondoka kwa kupikwa wala kugandishwa. Uso huwa mwekundu, kichwa huuma, moyo hukimbia, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Mwambie mwenye mgahawa papo hapo ili wengine wasile, na uende zahanati. Ukishindwa kupumua vizuri, usingoje chochote.

Na popote utakapokaribishwa nyama ya kasa, kataa. Ni mnyama anayelindwa na sheria, na nyama yake inaweza kuua: Machi 2024, Kisiwa Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila.

## Hatua ya 9: Bili na kilichobaki

Bili ilingane na jumla mliyoitaja kwenye hatua ya nne, ukiongeza vinywaji. Ikitofautiana, usipaze sauti. Mwite pembeni yule uliyekubaliana naye: "Mama, tulisema elfu hamsini na sita, naona sitini na nane, nisaidie kuelewa." Mara nyingi ni aliyeandika bili ambaye hakuwepo mlipopima.

Mchomaji hakai mezani wala haonekani kwenye bili. Ukimpenda samaki wake, mpelekee chochote mkononi, na umwambie ni yupi alikufurahisha.

Samaki aliyebaki mfunike, afike kwenye friji ndani ya saa mbili, na joto la Dar es Salaam likiwa kali fanya saa moja. Kesho mchambue, uondoe miiba, umrushie kwenye kitunguu, nyanya na tui jepesi la nazi. Kichwa cha chewa, kama ulikuwa na busara ya kukibeba, kitoe supu ya asubuhi.

Kabla hujatoka, mwombe mama namba ya simu na umuulize boti zake hurudi siku gani. Ukipiga wiki ijayo, atakwambia mwenyewe: "Leo usije, njoo kesho, kesho kuna kolekole."